Piga ya Mkulima, Piga ya Fundi, Piga ya Bungeni

Jioni hii nataka tukae na kitenzi kimoja tu. Mmekitumia tangu alfajiri, na pengine hakuna aliyekisikia kikipita mdomoni. Kitenzi chenyewe ni piga.

Hapa Dodoma, mkulima wa zabibu kule Hombolo amejitwika bomba mgongoni mapema akaenda kupiga dawa, maana ubwiri unga hauna subira ukishaingia kwenye majani. Binti yake amepiga mswaki, akapiga pasi sare ya shule. Fundi pale Ilazo amepiga lipu ukuta mmoja na anasubiri ukauke apige rangi. Stendi ya Nanenane wapiga debe wamewahi kuliko mabasi. Nesi amepiga sindano, mama wa nyumbani amepiga deki, dereva amepiga honi, na kuanzia saa sita mchana jua limetupiga sote bila kujali cheo. Watu wote hao wamepiga kutwa nzima, na hakuna aliyeumizwa.

Sasa mfikirieni mgeni anayejifunza Kiswahili. Amefungua kitabu cha kwanza, ameona piga, na pembeni yake neno moja la lugha yao linalomaanisha kuumiza kwa mkono au kwa fimbo. Anatoka nje na neno hilo kichwani, anakutana na Dodoma niliyowaeleza.

Miaka ya nyuma nilifahamiana na Sista mmoja kutoka Colombia aliyekuwa akifanya kazi kwenye zahanati ya misheni hapa mkoani. Kihispania ndicho alichonyonya kwa mama yake. Siku moja jirani yake, mama mtu mzima aliyevaa kitenge kipya cha sherehe, alimwambia, "Sista, nipige picha." Alielewa picha ni nini. Hicho kitenzi cha mbele ndicho kilichomsimamisha. Aliniuliza, "Mwalimu, hivi piga ina maana ngapi?" Nikaanza kumtajia, na kila nilipodhani nimefika mwisho nyingine ilichomoza. Akanisikiliza kwa uvumilivu, halafu akaniambia kwamba kwao wanacho kitenzi cha namna hiyo hiyo, na wageni wanaojifunza Kihispania hukilalamikia vilevile. Kitenzi hicho ni echar.

Asili ya echar ni kutupa, kutoka Kilatini. Lakini Mhispania akitia chumvi kwenye mchuzi anasema echar sal. Akijaza petroli kwenye gari ni echar gasolina. Akilala kidogo mchana ni echar una siesta. Mti ukiota mizizi ni echar raíces. Kumsaidia mtu kazi ni echar una mano, kama kusema umemtupia mkono, na hapo sisi tunampiga mtu tafu. Kutazama kitu kwa haraka ni echar un vistazo, nasi tunapiga jicho. Halafu kuna echar suertes, ambayo ni kupiga kura kwa maana yake ya zamani, kura ya bahati, ile ya kutupa vijiti au mawe ili kuamua nani apate nini. Hao wanaitupa kura, sisi tunaipiga. Ndiyo maana siku ya uchaguzi, mtu anapotumbukiza karatasi sandukuni polepole na kwa heshima zote, bado tunasema amepiga kura. Kitenzi kimebaki kwenye mchezo wa bahati wakati tendo lenyewe limehamia kwenye sanduku.

Kuna matumizi mengine ya echar yaliyonishangaza zaidi. Kumkumbuka mtu aliye mbali na kuona pengo lake ni echar de menos. Utajaribu kuihusisha na kutupa hadi uchoke. Wataalamu wa historia ya lugha hiyo wanaeleza kwamba msemo huo ulitoka kwa majirani zao Wareno, ambao walisema achar menos, yaani kuona kitu kimepungua. Sauti za achar na echar zikakaribiana, msemo ukabadili nyumba. Kwa hiyo si kila maana iliyomo ndani ya kitenzi kikubwa ilizaliwa humo. Nyingine ni wapangaji.

Turudi kwetu. Nini kinaunganisha piga zote hizi? Mimi naamini jibu linapatikana kwenye ngoma za Wagogo kuliko kwenye kamusi. Akina mama wanapopiga muheme, ngoma imebanwa mapajani na viganja vinashuka juu ya ngozi. Hapo kupiga ni kupiga kweli. Lakini mpiga zeze hapigi kitu chochote, anavuta upinde juu ya nyuzi. Mpiga ilimba anabonyeza vyuma kwa vidole gumba. Mpiga filimbi anapuliza. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefundisha sanaa kule Bagamoyo na kulifikisha zeze na ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya na Japani, alikuwa mpiga vyote hivyo, na hakuna Mswahili aliyeona haja ya kubadili kitenzi kila alipobadili chombo. Kilichobaki palepale ni kwamba mwili unafanya kazi, na kutokana na kazi hiyo kuna kitu kinachotokea mara moja na kujulikana kwa wengine: sauti.

Pale pasipo sauti, kuna alama. Ng'ombe hupigwa chapa kwa chuma cha moto, na chapa ya kwenye karatasi haiko mbali na hapo: mtu mwenye cheo kikubwa cha uchapishaji wa nyaraka za nchi yetu anaitwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Pasi huacha mkunjo uliolazwa. Lipu huacha ukuta uliosawazika. Simu nayo nadhani imepata piga kwa njia ya halali kabisa. Neno simu, ambalo asili yake ni Kiajemi likiwa na maana ya waya, lilitumika kwa telegrafu kabla ya simu ya kuongea, na telegrafu ilikuwa ikidonolewa kwa kidole, tap, tap, tap. Kidole kikaondoka, kitenzi kikabaki. Leo tunatelezesha kidole juu ya kioo na bado tunapiga.

Kwa hiyo mgeni akiniuliza maana ya piga, siku hizi namjibu kwa swali: piga nini? Mzigo wa maana umebebwa na jina linalofuata. Piga inalitia mwendo tu, inalifanya litendeke. Soga peke yake ni kitu kilicholala, ukilipiga watu wamekaa chini ya mti wanaongea. Magoti ni viungo vya mwili, ukiyapiga unaomba au unasalimu. Kambi, mbizi, hesabu, hatua, marufuku, mbiu, yowe, kona: kila moja linaingia na maana yake, na piga inafungua mlango.

Lakini asije mtu akadhani piga ni kitenzi cha kutumia popote. Hapo ndipo wanafunzi wengi huanguka, kwa sababu wakishaona inakubali mengi hudhani inakubali yote. Gari halimpigi mtu, linamgonga. Radi ndiyo inayompiga. Mahindi yanatwangwa kinuni, hayapigwi, ila maharage yakishakaushwa yanapigwa kwa fimbo mpaka maganda yaachie. Na nendeni kwenye nyumba yoyote inayojengwa Iyumbu au Nkuhungu muwasikilize mafundi: tofali linafyatuliwa, zege linamwagwa, bati linaezekwa, lipu inapigwa. Rangi ina pande mbili. Fundi anaipiga, mwenye nyumba mara nyingi anasema anaipaka. Ukisikiliza vizuri utajua nani anashika brashi kila siku na nani anaishika mara moja kila baada ya miaka. Trekta likishalima linarudi kupiga haro. Mambo haya hayapo kwenye kitabu cha kwanza cha mgeni, na mengi hayapo hata kwenye kitabu cha mtoto wetu wa darasa la tano. Yapo kwenye kazi.

Halafu kuna irabu moja. Naomba hapa tuende taratibu, hasa ninyi mnaofundisha wageni. Ukimwambia mtu, "Nitakupigia kesho," umemwahidi simu. Ukisema, "Nitakupiga kesho," umemtishia. Tofauti ni i moja. Mgeni akishajifunza hilo huondoka amefurahi, ameshika kanuni: weka i ili usimwumize mtu. Anakwenda kwa yule mama wa kitenge kipya na kumwuliza kwa adabu, "Mama, nikupigie picha?" Mama anatazama huku na huku kutafuta ni picha ya nini, kwa sababu kumpigia mtu picha ni kumsaidia kupiga picha ya kitu kingine. Yeye alitaka apigwe yeye. Kwenye simu, mtu ni mwenye kupelekewa. Kwenye picha, mtu ndiye anayepigwa. Hali kadhalika sindano na chapa.

Mfano ulio mzuri kuliko yote uko Bungeni, hapa hapa mjini kwetu. Wabunge wakimpigia msemaji makofi, taarifa rasmi za Bunge huandika neno Makofi kwenye mabano na mjadala unaendelea. Wangempiga makofi, askari wa Bunge wangeingia ukumbini. Neno ni lilelile, makofi ni yaleyale, mikono ni ileile. Kiambishi kidogo katikati ya kitenzi ndicho kinachotenganisha shangwe na ugomvi. Ninapofundisha mfano huu huwa sihitaji kueleza kauli ya kutendea ni nini. Mwanafunzi anaiona.

Na mwanafunzi huyo si lazima awe ametoka Colombia. Mkoa wetu na maeneo yanayouzunguka yana jambo ambalo wanaisimu wa dunia nzima wanalifahamu kuliko sisi wenyewe: familia zote nne kubwa zilizotajwa kwa muda mrefu katika lugha za Afrika zinakutana katikati ya Tanzania. Kigogo na Kirangi ni vya Kibantu. Kiburunge ni cha Kikushi. Kimaasai ni cha Kinilo. Na Wasandawe wana lugha yao yenye vidoko, zile sauti za kudokoa ulimi, ambayo kwa miaka mingi iliwekwa pamoja na lugha za Wakhoisan wa kusini. Mtoto kutoka kijiji cha ndani huko Chemba anapoingia darasa la kwanza, Kiswahili kwake kinaweza kuwa lugha ya pili au hata ya tatu. Anaposema gari limempiga mbuzi, ana akili timamu. Amefuata mantiki nzuri tu ya kwao, au amepanua kanuni aliyoisikia kwetu. Akichekwa na darasa zima hatajifunza gonga, atajifunza kunyamaza. Hili linaniuma. Nimesikia walimu wazuri wakisahihisha kosa hilo kwa kalamu nyekundu bila neno hata moja la maelezo, wakati maelezo yenyewe ni ya nusu dakika: kitu kinapokutana na kitu kwa kishindo, tunasema gonga.

Badala yake tunawapa watoto orodha. Piga moyo konde maana yake jipe ujasiri. Piga kijembe maana yake sema kwa mafumbo. Piga mbio, piga chenga, piga jeki. Wanakariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukipita orodha nayo imepita. Orodha hizo si za leo. Askofu Edward Steere wa Zanzibar, aliyetoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, alishakutana na tatizo hili. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ina piga iliyotanda safu kwa safu. Nawaheshimu waandishi hao, kwa sababu kamusi kazi yake ni kuweka akiba. Ila akiba ya kamusi na darasa la mtoto ni vitu viwili. Darasa linahitaji mtu aende shambani kwa mkulima wa zabibu asikie anapiga nini na hapigi nini.

Kwa nini nimemtaja Sista na Kihispania chake? Kwa sababu kati ya wasemaji wa lugha hiyo na Kiswahili kuna historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1965 Ernesto Che Guevara alipita nchini mwetu kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo na wapiganaji kutoka Cuba. Majina yao ya siri waliyachukua kwenye hesabu ya Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu. Che alikuwa Tatu. Kijana Mkongo, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kuwa mkalimani wake na kumfundisha Kiswahili, na maisha yakampeleka Ilanga mwenyewe Cuba, akawa daktari huko. Miaka hiyohiyo hapa Kongwa wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU walikuwa wamepiga kambi, watu wenye Kireno, Kiingereza na lugha nyingi za nyumbani kwao, na Kiswahili ndicho kilichowazunguka nje ya uzio. Kisha Novemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Havana kwenye kongamano la kimataifa la Kiswahili. Wanafunzi wanaosema Kihispania wapo, na wanaongezeka. Wakija na vitabu vinavyowaambia piga ni golpear, yaani kupiga kwa kuumiza, tutakuwa tumewatuma safari na ramani ya mji mwingine. Waanze na echar yao. Waambiwe: mnavyotupa chumvi, usingizi na kura, sisi tunapiga pasi, soga na kura. Watashika kwa siku moja jambo ambalo orodha huwachosha nalo kwa mwezi.

Nimebakiza piga moja ambayo wageni huipata mitaani na hakuna anayewafundisha darasani. Vijana wanasema fulani anapiga kazi, na hiyo ni sifa kubwa. Anapiga pesa inaweza kuwa sifa, inaweza kuwa shaka. Lakini sikilizeni kinachotokea jina linapoondolewa: fulani amepiga. Amepiga nini? Haisemwi. Na kwa sababu haisemwi, kila mtu anajua ameiba. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapofikishwa Bungeni, neno upigaji linasikika ukumbini, kwenye redio, kwenye vijiwe vya kahawa Majengo. Mpigaji aliyekuwa wa zeze, wa ramli au wa picha alihitaji kutajiwa chombo chake. Mpigaji wa fedha za umma hahitaji. Na kule chini sokoni mtu aliyeuziwa debe la mahindi lililopungua anarudi nyumbani na kusema neno moja, "Nimepigwa," na mkewe haendi kutafuta dawa ya jeraha.

Wapo wanaoita matumizi haya lugha ya mitaani isiyostahili darasa. Sikubaliani nao. Neno ambalo mbunge analitamka akiwa amesimama mbele ya Spika, na mama ntilie analitamka akihesabu chenji, limeshakomaa. Linastahili kufundishwa na kuelezwa, tena kwa uzito, kwa sababu limebeba uchungu wa watu ambao fedha yao ya dawa na ya madawati haikufika. Mgeni asiyelijua atasikiliza taarifa yetu ya habari na kudhani nchi imejaa ngumi.

Wasikilizaji, kabla sijaondoka hewani nina ombi. Tuandikieni piga ya kazi yenu. Mfugaji wa Kongwa, mwashi wa Mtumba, nesi wa Mpwapwa, dereva wa lori la Kondoa: mnapiga nini ambacho sisi wengine hatujawahi kukisikia, na ni kitu gani ambacho mtu wa nje hudhani kinapigwa kumbe ninyi mna kitenzi kingine? Ukituma, taja kijiji chako na kazi yako, na uandike sentensi nzima kama unavyoisema kazini, usiandike neno peke yake. Wiki ijayo nitazisoma hapa nikiwa na mwalimu wa shule ya msingi, ili azipeleke darasani kwake kama zilivyo.